Nyumba Iliyobebwa Mabegani

Leo sokoni Walthamstow, huku ughaibuni ninakoishi, nimenusa mchaichai, nikakumbuka kijiji kidogo cha Indonesia ambako baba alikuwa akisomesha madrasa. Mto ulikuwa unakula ukingo, na ulishaikaribia nyumba yetu ya mbao iliyosimama juu ya nguzo. Majirani wakaja kuihamisha. Mama alikuwa ndani, ametoka kujifungua na hana nguvu.

“Siwezi kushuka, dada yangu,” alimwambia jirani yetu.

“Basi usishuke,” yule bibi akamjibu.

Wanaume wakafunga mianzi chini ya sakafu, wakainyanyua nyumba nzima mabegani. Nilikimbia pembeni, matope yakinifika magotini, nikimtazama mama dirishani akipita polepole kando ya mpunga, huku akicheka na kulia. Walipoitua penye usalama, mdogo wangu alikuwa bado ananyonya.