Meli Iliyomjibu Mdogo Wangu

Ukitaka kucheka, cheka sasa, halafu unisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa pale, kasia mkononi, na nilichokuwa nimekunywa ni chai tu.

Mimi ni mvuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo vya Ziwa Kivu, hapa Gisenyi. Wavu wetu hubebwa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na bila wimbo haiendi popote, maana wimbo ndio unaofanya makasia yashuke pamoja. Mwimbishaji wetu alikuwa Damas, mdogo wangu wa tumbo moja. Wanawake wa sokoni waliitambua sauti yake hata kabla hawajatuona, wakaanza kupanga beseni zao. Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha, na ndiyo iliyompatia mke.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunarudi. Jua lilikuwa limeshatoka, lakini ukungu ulikuwa mzito hata mtumbwi wa pili sikuuona. Sasa, sisi tuna desturi yetu: kwenye ukungu mwimbishaji hutupa mstari mmoja, na kundi jingine, ekipe tunavyoita, likiwa karibu hujibu mstari wa pili. Hivyo tunajua nani yuko wapi, hatugongani. Tukasikia kishindo majini, du, du, du.

"Ni ekipe gani iko pale?" Damas aliuliza.

"Hii haiko makasia," nikamwambia. "Nyamaza kwanza."

"Bon, we unaogopa. Mi nawaita."

Akatupa mstari wake. Jibu likaja. Niamini, lilikuja kwa sauti ya Damas mwenyewe, pamoja na kile kikohozi chake kidogo cha asubuhi.

Ndipo ukungu ulipofunguka, tukaiona. Meli ya mbao, nyeusi, ndefu kuliko hoteli yoyote ya ufukweni. Ilikuwa na milingoti mitatu yenye matanga, na katikati bomba linalotoa moshi wa makaa. Ubavuni mizinga imepangwa. Bendera ilikuwa ile ya kijani, nyeupe na nyekundu tunayoiona kwenye mpira, ila katikati ina ngao yenye msalaba. Wanaume walisimama ukingoni wakitutazama, wote wanafumbua na kufumba midomo kama samaki, sauti haitoki. Isipokuwa mmoja. Yeye aliimba kwa sauti ya mdogo wangu, na alikuwa anafurahi.

Ikapita, wala hatukupata wimbi. Damas akafungua mdomo atuongoze kupiga makasia, ikatoka pumzi tupu. Kuongea anaongea mpaka leo, lakini kuimba hawezi. Niliogopa sana, na bado naogopa.

Baadaye nilimtembeza ziwani mzee mmoja Mwitaliano, mtalii, nikamweleza jinsi meli ilivyokuwa. Akatafuta kwenye simu, akanionyesha picha. Ileile! Alisema ni manowari ya kwao ya karne ya kumi na tisa, ya mvuke na tanga, na kwamba za namna hiyo zilivunjwa zamani zikawa kuni. Mto unaotoka Kivu hauwezi kupitisha meli. Hiyo ilipita wapi? Sijui, na sitafuti kujua.

Siku hizi Damas anashona nyavu ufukweni. Ukungu ukishuka, sauti yake huita kutoka ziwani, mstari wa kwanza, wazi kabisa. Mkewe huisikia akiwa nyumbani na kuja mbio. Damas huweka sindano chini, akaingia majini.

"Yaya, niache," huniambia mimi mkubwa wake. "Ile iko yangu. Naenda tu kuichukua."

Mimi humshika shati upande huu, mkewe upande ule, mpaka ukungu uondoke.

Kwa hiyo wewe, ukija huku ukasikia wimbo mtamu ndani ya ukungu, funga mdomo wako, hata kama ni wimbo unaoujua. Mdogo wangu ana watu wawili wa kumshika, na juzi shati lilichanika.