Operesheni ya Kifua

Mimi ni fundi cherehani wa Mafinga. Miaka yote nimezungusha tepu kwenye vifua vya wanawake, nikaandika namba na kunyamaza, maana kunyamaza ni nusu ya ufundi. Mteja akininong'oneza, "Nishonee yaonekane yako juu," namjibu, "Sawa, dada," naweka kitambaa kigumu kwa ndani, na Jumapili anaingia kanisani kama askari wa gwaride. Kwangu mwenyewe kitambaa kigumu kilishashindwa zamani.

Nilinyonyesha watoto wanne, na wa mwisho aliacha wakati tayari anaweza kunigombeza. Halafu nikanenepa, nikaugua, nikakonda, nikanenepa tena. Matiti yakabaki yamelala juu ya tumbo kama wasafiri waliokosa basi. Sura yake sikuijali sana. Mume wangu naye ana kitambi chake. Kilichonitesa ni upele. Pale ngozi inapolaliana palichubuka hata wakati wa baridi, watu wakiwa wamevaa makoti mawili mawili. Nikawa natandika vipande vya pamba, mabaki ya kazini. Jumapili moja tunaimba na kucheza mbele ya madhabahu, kipande chenye maua mekundu kikateleza ndani ya joho langu la kwaya na kutokea miguuni. Mwimbaji wa pembeni yangu akakiokota, akanipa kwa heshima, akidhani ni leso. Nikajifutia jasho. Ningefanya nini?

Muuguzi aliyekuwa akinipa dawa ya kupaka alifika mahali akachoka. "Mama, dawa hii inatibu upele. Haitibu kinacholeta upele." Ndiye aliyenieleza kwamba Mbeya kuna hospitali yenye daktari bingwa anayefanya upasuaji wa kuinua matiti.

Nilimweleza mume wangu karakanani kwake. Ni seremala. Aliacha kupiga randa.

"Kuinua? Kwa jeki?"

"Kwa kukata na kushona."

Akakaa juu ya ubao, akafikiri. "Basi tunakwenda wote. Huwezi kukatwa na mtu ambaye sijaiona mikono yake."

Njiani, basi liliposimama Chimala, alishuka na kununua mchele. Alisema hata kama daktari atakuwa wa hovyo, safari isiende bure.

Daktari alikuwa binti wa rika la mtoto wetu wa kwanza. Alisimama, akasema, "Shikamooni, wazazi wangu." Mume wangu akaitikia huku akichungulia nyuma yake.

"Marahaba, mwanangu. Daktari yuko wapi?"

"Ndiye mimi, baba."

Mume wangu akaangalia mikono yake. Ilikuwa midogo, kucha zimekatwa fupi. Akavuta kiti, akaketi.

Binti akanipima kwa tepu, kutoka mfupa wa bega mpaka kwenye chuchu, na kwa mara ya kwanza nikajua wateja wangu huhisi nini. Akauliza kama nina kisukari au presha, kama navuta sigara, kama uzito wangu umetulia. "Na mnategemea kuzaa tena? Maana mimba inaweza kuyashusha upya, na kunyonyesha kunaweza kuwa kugumu."

"Hapana!" Mume wangu alijibu kabla sijafungua mdomo.

Kisha daktari akachukua karatasi, akachora. Matiti yakiwa yameshuka kidogo, alisema, wanakata duara tu kuzunguka chuchu. Yakishuka zaidi, wanaongeza mstari wa kwenda chini, kama pipi na kijiti chake. Yakishuka sana, unaongezwa mstari wa tatu, wa kulala, kwenye mkunjo wa chini. "Huo unafanana na nanga."

"Nanga ndiyo nini?" mume wangu akauliza. Sisi ni watu wa milimani.

Daktari akaanza kueleza habari za meli, mume wangu akainamia karatasi. "Duara juu, nguzo katikati, kitako chini. Mbona hii ni meza ya mguu mmoja!"

Daktari akautazama mchoro wake upya. "Haya, baba. Mama yeye ni wa meza."

"Na ndani mnajaza nini?"

"Hatujazi. Kuinua hakuongezi ukubwa. Wapo wanaotaka na vipandikizi ili yajae juu, lakini mama hana haja navyo."

Hapo nikaelewa, nikaona nami niseme. "Kumbe ni kupunguza gauni. Unatoa kitambaa kilichozidi, unapandisha, unashona."

"Kabisa, mama. Ila gauni hili tunalishona mtu akiwa ndani."

Mume wangu akauliza habari ya dhamana, kama vile tunanunua kitanda. Binti hakucheka. Alisema makovu yatafifia lakini hayatafutika. Chuchu inaweza kufa ganzi, kwa muda au moja kwa moja. Kidonda kinaweza kuchelewa kufunga, na titi moja linaweza lisilingane sawasawa na mwenzake. Na miaka ikienda yataanza tena kushuka taratibu, kwa sababu umri haufanyiwi operesheni.

Mume wangu akanigeukia. "Huyu akukate. Anasema kasoro za kazi kabla hajaianza."

Nilipigwa picha ya matiti kuhakikisha hakuna uvimbe, nikatolewa damu, nikapangiwa siku. Kosa likatokea tuliporudi nyumbani. Mwenyekiti wa akina mama kanisani alimuuliza mume wangu ninakwenda kutibiwa nini Mbeya. Mume wangu ni mzee wa kanisa. Neno "matiti" mbele ya mama mwenyekiti lilimkwama. Akasema, "Anafanyiwa operesheni ya kifua." Jumapili hiyo usharika mzima uliombea mapafu yangu, na mimi nimesimama pale pale kwenye kwaya, naitikia amina.

Siku ya upasuaji daktari alinisimamisha akanichora kwa kalamu. Nikamwambia mstari wa kushoto umepanda kidogo. Akapima tena, akasema uko sawa. Wakanipiga nusu kaputi. Nilipozinduka nilihisi lori la magogo limeegeshwa juu yangu. Nilikuwa nimebanwa na brazia nzito isiyo na waya, na mirija miwili midogo ikitoa majimaji ubavuni. Waliichomoa kabla sijaruhusiwa. Masharti: kulala chali, kutoinua mikono juu ya kichwa, kutobeba ndoo wala mtoto wa mtu, na cherehani nisiiguse mpaka daktari aseme. Mume wangu alipika ugali wiki zote hizo, na hilo sikuwa nimetahadharishwa.

Halafu akina mama wa kanisa wakaja kuniona, wamebeba asali, tangawizi na sufuria ya majani ya mkaratusi ya kujifukiza. Mama mwenyekiti akaketi kitandani.

"Kohoa, mama. Usiuache uchafu ndani."

"Sina kikohozi, mama mwenyekiti."

"Ndiyo mbaya zaidi. Kimejificha." Akanipiga mgongoni kunisaidia. Nilipiga yowe mpaka mume wangu akatoka jikoni na mwiko.

"Si mapafu!" nikasema. "Ni matiti! Yameinuliwa!"

Mume wangu akarudi jikoni kinyumenyume. Mama mwenyekiti akanitazama, akashusha macho kwenye kanga yangu.

"Yameinuliwa mpaka wapi?"

Akawaambia wenzake wakaangalie chai, akafunga mlango, akaniomba nimwonyeshe. Nikafungua. Aliukagua kila mshono. Kisha akafungua vifungo vya blauzi yake, akaliinua titi moja kwa mkono, na pale chini nikaona wekundu ninaoujua kuliko jina langu. Alikuwa ametandika karatasi ya chooni.

"Miaka," akasema. "Namwambia mume wangu ni joto. Joto gani, Mafinga?"

Tulicheka mpaka nikalazimika kujishika kifua kwa mikono yote miwili, maana nyuzi zilivuta. Jumapili iliyofuata alitangaza kwamba operesheni ya kifua imefanikiwa, na akawaomba watu wasinipige mgongoni.

Sasa upele umekwisha. Chuchu ya kushoto haihisi kitu, na kovu moja lilinenepa kidogo, nikapewa dawa ya kulipaka. Titi la kushoto liko juu kuliko la kulia, kwa upana wa uzi hivi. Mume wangu anasema haoni. Mimi ni fundi, naona. Daktari aliponiruhusu kugusa cherehani, kazi ya kwanza ilikuwa kupunguza magauni yangu yote kifuani, moja baada ya jingine, na wateja wakasubiri mpaka nilipomaliza.