Mikorosho Iliyopona Kwenye Karatasi

Leo hapa Ruangwa nimeona printa ikiponya mikorosho.

Bi Somoe, mkulima wa Matambarale, alipiga picha kwa simu majani ya mikorosho yake. Yamejaa madoa ya kahawia. Juzi alizichapisha steshenari, akazipeleka ofisi ya kilimo kuomba dawa.

Zilitoka kijani tupu.

Afisa akamwambia, "Mama, mikorosho yako mizima."

Bi Somoe akamwonyesha picha kwenye simu.

"Simu haiingii kwenye faili."

Leo nimemkuta Bi Somoe steshenari akichapisha upya. Kijani kilekile! Mwenye duka wala hana wasiwasi: "Kompyuta hii inatumia Linux, si Windows, kaka. Rangi zake ndizo hizo."

Uongo.

Nikabonyeza kitufe cha printa yenyewe, ikatoa karatasi ya majaribio. Rangi zote sahihi. Basi wino hauna kosa, kosa liko kwenye kompyuta. Nikafungua mipangilio: draiva, yaani programu ya kuendesha printa, iliyochaguliwa ni ya printa ya aina nyingine kabisa. Nikaifuta, nikaweka inayotakiwa.

Dakika tano. Madoa yakatoka kahawia.

"Kumbe!" akasema mwenye duka. Nikachukua karatasi, nikatoka na Bi Somoe. Ningebaki, ningetukana.

Tukaenda ofisini. Afisa akaitazama karatasi, akakunja uso.

"Mama, ugonjwa umeenea hivi, ulikuwa wapi siku zote?"

"Juzi nilikuwa hapa hapa, mwanangu. Nimesimama mbele ya meza yako, simu mkononi."

Akaandika kibali cha dawa bila kuinua macho.

Mnaokaa ofisini, nijibuni: kuitazama ile simu kungewauma wapi?