Nilikalia Kiti Makusudi Ili Mkamwana Wangu Asiiguse Seva

Admin, nifichie jina, maana huku Rungwe tunajuana mpaka migomba. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, nilifiwa na mke, naishi nje kidogo ya Tukuyu. Ninayoandika hapa sijamwambia hata mchungaji wangu.

Miaka ile viwanda vilipokuwa vinauzwa kwa wawekezaji, nilikuwa mtu wa kompyuta kwenye kiwanda kimoja cha chai. Mwekezaji alileta seva ya Unix, kompyuta kuu iliyotunza kumbukumbu za wakulima wote na majani waliyoleta, nikapelekwa Dar es Salaam kuisomea. Niliporudi wakaniita mtaalamu. Niliipenda hiyo sifa jamani, funguo za chumba cha seva nilikuwa naning'iniza kiunoni hadi kanisani.

Kisha mwanangu akaoa. Binti nitamwita Tusekile, si jina lake. Alikuwa amesomea kompyuta kuliko mimi, na kiwanda kikamwajiri. Sasa kwa sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso wala hawakai chumba kimoja. Wakristo wengi walishaanza kuilegeza mila hiyo, neno moja tu kutoka kwangu lingetosha. Sikulisema. Akapewa ofisi kwenye jengo la mizani, ng'ambo ya uwanja, na tukifanya kazi tunaandikiana vikaratasi.

Kwa kuwa hawezi kuingia kwangu, akabuni njia. Kila Jumamosi kompyuta yake ilivuta kwa waya wa mtandao nakala ya diski nzima ya seva, mfumo pamoja na kila kilichomo, ikaihifadhi kule kwake. Meneja alifurahi kupita kiasi. Watu wakaanza kupita mlango wangu bila hata salamu, wanaenda kwa Tusekile. Nilikuwa nawatazama dirishani na roho inaniuma. Nilimwonea wivu mtoto niliyemtolea mahari mimi mwenyewe!

Jumatatu moja asubuhi diski ya seva ikafa. Malori ya majani kutoka Lufingo yamepanga foleni, hakuna jina linalofunguka. Nikafunga diski ya akiba, nikaiwasha mashine kwa CD, nikakwama. Sikujua anwani ya kompyuta yake kwenye mtandao wala amri ya kuivuta ile nakala irudi. Meneja akamwita Tusekile. Nilimsikia akisimama nje ya mlango.

"Mwambie baba atoke kidogo tu, nitamaliza mwenyewe," alimwambia meneja.

Kutoka tu, ndugu zangu. Hata mila nisingeivunja. Ningeenda kukaa chini ya paa la mizani nikanywa chai yangu. Lakini niliona jinsi watakavyompigia makofi, nikajikita kwenye kiti.

"Seva ni dhamana yangu, siiachi," nilimjibu meneja. "Mlango sijaufunga kwa ufunguo. Nani kamkataza kuingia?"

Nilijua hataingia. Meneja alikuwa mgeni wa huku, hakuelewa. Tusekile akaandika hatua zote kwenye karatasi, akaipitisha chini ya mlango. Mistari sita, mwandiko mzuri, na juu kabisa ameandika "Ndaga tata," salamu yetu ya heshima kwa baba. Nikaikunja nikaitia mfukoni. Meneja aliporudi saa nane na kukuta mashine bado imelala, nikamwambia binti amekataa kazi. Akafoka: "Asiyeweza kuingia chumba cha seva anafanya nini hapa?" Siku hiyohiyo akamfukuza.

Kesho yake asubuhi nilitoa ile karatasi, nikafuata mstari kwa mstari. Nakala ikarudi yote, hakuna mkulima hata mmoja aliyepotea. Nikapigiwa makofi mimi.

Tusekile hakupata tena kazi ya kompyuta. Amelima viazi miaka yote hii, mikono yake imekuwa ya jembe. Tangu mke wangu afariki, chakula changu anapika yeye na mwanangu ndiye anayekileta. Ndicho ninachokula, kila siku.

Wiki iliyopita mwanangu aliweka sahani mezani, akasema, "Baba, mke wangu mama Anna anaomba umtoe kwenye mila. Umri umekwenda, anataka akuhudumie mwenyewe, akusalimie usoni."

Nikamuuliza kama ana kinyongo na mambo ya kiwandani.

"Kinyongo gani? Huwa anawaambia watoto, babu yenu aliona bora kazi ilale kuliko kutoka akakutana na mkwe wake mlangoni na kumwaibisha. Anasema yeye ndiye alikosea, angeandika zile hatua vizuri zaidi, ungezielewa siku ileile."

Chakula kilinishinda. Zile hatua ziliandikwa vizuri kabisa. Karatasi ninayo mpaka leo, iko ndani ya Biblia yangu, na wivu wenyewe haujaisha. Bado nikiisoma naona alinizidi.

Nimekubali kumtoa kwenye mila. Jumapili anakuja, na mimi ndiye nitakayemfungulia mlango. Wenzangu mnaosoma hapa, hasa ninyi wakamwana: nimpe karatasi yake na nimwambie ukweli, au nimwache aendelee kumheshimu mtu ambaye hayupo?