Rahmah Aliyekataa Mashine Yake Ipone

Mtaa mzima wa Kasubi ulijua kwamba Rahmah anampenda Marjan, isipokuwa Marjan mwenyewe. Wanaume wengine bwana! Atasikia feni iliyolegea akiwa bado barabarani, lakini moyo wa mtu unadunda mbele ya pua yake, hasikii kitu.

Rahmah alikuwa Mnubi, mzaliwa wa hapo hapo, na kazi yake ilikuwa kupiga na kuhariri video za harusi. Studio yake ilikuwa chumba kimoja, mlango wazi mchana kutwa, ukuta mmoja na duka la Nabangala, fundi cherehani kutoka Kenya aliyekuwa shoga yake wa kufa na kuzikana. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa imechoka. Video moja ya harusi ilikula siku nzima hadi kukamilika, na maharusi wa Kampala hawana subira, wanaitaka kabla hina haijafutika mikononi. Pesa ya kununua mpya hakuwa nayo. Ndipo akaitwa Marjan, fundi kompyuta, Mnubi mwenzake, mpole, nadhifu, na hana mke.

Marjan aliitazama mashine, akasema, "Dada Rahmah, prosesa hii, ubongo wa mashine, kiwandani wameipangia kasi ndogo kuliko nguvu zake. Inaweza kusukumwa. Lakini sitakufanyia, nitakufundisha, ili siku nisipokuwepo usihangaike."

Siku asipokuwepo! Neno hilo lilimchoma Rahmah tangu siku ile ya kwanza.

Kabla ya kugusa lolote, Marjan alimtaka anakili harusi zote za watu kwenye diski ya pembeni, kwa sababu prosesa ikiyumba inaweza kuharibu faili kimya kimya na mtu asijue. Wakaweka feni kubwa zaidi. Wakafuta ile dawa ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka kama uji wa jana, wakapaka nyingine. Ndipo akamwonyesha ile skrini ya mipangilio inayofunguka kabla Windows haijaamka.

"Kasi unaipandisha kidogo tu," alisema. "Unahifadhi, unawasha, unaipa mzigo mzito, unatazama joto. Ikistahimili, panda tena. Ikiganda, rudi nyuma. Na volteji usiichezee kwa kuipandisha ovyo. Kasi ikizidi itagandisha mashine tu, lakini volteji ikizidi inaua."

Rahmah alishika somo upesi kuliko Marjan alivyotegemea. Akawa anapandisha, anajaribu, anarudi nyuma, anapoza, anapandisha tena, ulimi umetokeza kwenye pembe ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Wiki ya kwanza haijaisha, asubuhi moja akiwa peke yake, mashine ilikubali. Ilibeba mzigo tangu alipofungua studio hadi adhana ya adhuhuri bila kukwama, joto limetulia. Alipiga makofi kwa furaha. Halafu akawaza. Mashine imepona, sasa Marjan atakuja tena kufanya nini?

Hapa ndipo ninapotamani kumshika masikio. Msichana mzima, ana mdomo, ana akili, anashindwa kusema sentensi moja! Badala yake alirudi kwenye ile skrini akapunguza volteji chini ya kiwango ambacho prosesa ilihitaji. Marjan alipofika baada ya alasiri, jaribio lilianza, mashine ikaganda.

"Imegoma," Rahmah alisema, macho sakafuni.

"Usijali," Marjan akajibu, akavuta kiti. "Tuanze upya."

Ikawa ndiyo desturi. Asubuhi Rahmah aliiweka sawa mashine, akatoa video za wateja kwa kasi ambayo hakuwahi kuiota. Mchana aliiangusha tena, kwa uangalifu mkubwa, isiungue, isipate hata kovu. Kusema kweli, kuiangusha mashine bila kuiumiza kunataka ujuzi kuliko kuiweka sawa. Halafu alifunga ushungi wake vizuri, akachemsha chai ya tangawizi, akangoja. Marjan alikuja kila alasiri, akamwachia yeye kibodi ili ajifunze, mwenyewe akitazama kasi na joto tu, na kwa siku zote hizo za kurudia hakukubali malipo, kwa sababu alisema kazi haijakamilika. Saa ile moja ya kukaa ubavuni mwake, wote wawili wameinamia namba, ndiyo iliyokuwa furaha yote ya Rahmah duniani.

"Mwambie," Nabangala alimgombeza kila siku. "Fungua hiyo midomo!"

"Mwanamke aanze? Watu watasemaje?"

"Watu walishasema, wamechoka! Umebaki wewe tu."

Marjan naye alianza kubadilika. Hakucheka tena. Siku moja alikaa ameitazama mashine iliyoganda, akashika tama. "Kampuni nzima kule Bugolobi wananiamini," alisema. "Hii imenishinda. Nadhani tatizo ni mimi." Roho ilimuuma Rahmah, akafungua mdomo kusema, lakini maneno yaliyotoka yalikuwa, "Labda kesho." Banange, jamani Rahmah!

Kisha Marjan akapotea siku kadhaa. Aliporudi alikuja asubuhi mapema, Rahmah hajaiweka sawa mashine, na hakukaa.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Irudishe kwenye kasi yake ya kiwandani, uwe salama. Si kila prosesa inakubali kusukumwa. Nimekupotezea muda wako."

Rahmah aliona anamkosa hivi hivi, akimtazama. "Ngoja," alisema. Akakaa, akaizima mashine, akafungua ile skrini. Vidole vilijua njia. Akaweka kasi, akaweka volteji, akahifadhi, akawasha, akaanzisha lile jaribio lililomwangusha Marjan kila alasiri. Mashine ikabeba mzigo. Waliitazama wote wawili, hadi Marjan alipoelewa kwamba haitaganda.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu wiki ya kwanza."

"Ulikuwa unaiangusha makusudi?"

"Kwa kupunguza volteji, ili igande tu, isiungue. Kama ulivyonifundisha."

Marjan alitaka kucheka, na kwa kitambo kidogo uso wake ukafunguka wote, Rahmah akauona jinsi ambavyo hakuwahi kuuona. Kisha ukajifunga. "Kwa nini, Rahmah?" Kwa mara ya kwanza hakumwita dada.

"Ingepona, ungerudi?"

Marjan aliketi taratibu.

"Baba alikuwa fundi redio," alisema. "Alitukataza kumwambia mwanamke maneno ya mapenzi tukiwa na kazi yake mkononi. Alisema mwanamke ataona aibu kukukataa, au wewe utaonekana unatumia nafasi. Umalize kwanza, uondoke, ndipo urudi na wazee. Kila nilipokuja hapa niliomba Mungu ipone, nimalize, nirudi na wazee wangu. Kila siku inaganda. Mwisho nikasema basi, Mungu hataki."

"Sasa imepona," Rahmah alisema. Machozi yalikuwa yameanza. "Marjan, si unaiona? Imepona."

"Ijumaa mama aliwatuma wazee Bombo, kuposa kwa akina Zuleika. Wamepokelewa. Nimeshatoa neno langu."

Rahmah alitaka kumwambia alirudishe hilo neno. Lakini alimjua. Mtu aliyekuja alasiri zote zile kwa sababu ya kazi ambayo haijakamilika hawezi kwenda Bombo kumwaibisha binti wa watu, na kama angeweza, asingekuwa yule aliyempenda. Kwa hiyo alinyamaza tena, na safari hii kunyamaza kulimuuma kuliko zote.

Marjan aliinuka. Alifika mlangoni, akageuka, akaitazama kompyuta kwa sababu kumtazama Rahmah hakuweza.

"Joto lake?"

Rahmah alifuta macho kwa ncha ya ushungi ili aisome namba. "Sabini na mbili."

"Ni zuri," Marjan alisema. "Usiongeze tena hapo." Akavuka barabara, akaenda zake.