Diski Yangu Iko na Kazi, Mimi Sina

Leo nimefutwa kazi ya kufukuza ndege. Chekeni polepole.

Mnajua mwaka jana nilinunua laptop ya mtumba hapa Kitale, maringo ikaanza. Nikamwambia mama ati gemu za diski ni za wazee, siku hizi tunashusha kwa mtandao. Nikamwachia diski zangu zote kule nyumbani Kabuchai.

Mama hatupi kitu. Alizifunga kwa kamba shambani juu ya wimbi, ile nafaka ya uji, ziking'aa ndege wanatoroka.

Sasa bana, leo asubuhi gemu ya mpira imekataa kushuka. Laptop imejaa. Nimefuta picha, nimefuta hata barua zangu za kuomba kazi. Bado!

Nikakumbuka ile ya diski haikuwa inakula nafasi.

Nikaenda nyumbani, nikapitia shambani kama mwizi, nikafungua diski yangu ya mpira kwa kamba. Hata sijapangusa vumbi, ndege wameshuka.

Mama huyu hapa.

"Baba, hiyo unapeleka wapi?"

"Si ni yangu, mama?"

"Ulisema imezeeka. Na tangu ianze kazi hapa haijaniomba chai. Chukua, lakini wewe simama pale ilikuwa."

Nikasimama. Nikapiga makofi, nikapiga kelele, nikarusha mikono. Ndege wakaniangalia kidogo, wakaendelea kula.

Baada ya saa moja mama akarudi. Akaangalia wimbi. Akaniangalia mimi, miaka thelathini na moja. Akanyoosha mkono.

"Rudisha diski."

Kuna mwingine hapa ameshindwa kazi na diski, ama ni mimi tu?