Maji Tuliyokataa Kuyaita Yetu

Mume wangu aliporudi kutoka migodi ya shaba, kule ng'ambo ya Tunduma, aliweka mzigo chini akaniambia harudi tena. Nilimcheka. Wanaume wa Mbozi walisema hivyo kila waliporudi, na kabla mahindi hayajakauka walikuwa wamekwishapanda lori. Lakini yeye hakuishia kwenye maneno. Alitengeneza kitalu cha kahawa nyuma ya nyumba, akakijengea kivuli cha nyasi, akawa anakikagua asubuhi kabla hata ya kunawa uso.

"Hii ikishika, mimi siendi popote," alisema. "Utanichoka mwenyewe."

Nikamwamini. Sikuwa na hamu nyingine duniani.

Kiangazi tulimwagilia kwa maji ya mfereji. Baba mkwe wangu na ndugu zake ndio walioukata, kutoka kwenye chemchemi ya mlimani hadi mashambani kwetu. Kila mwaka mvua zikiisha, mzee alipanda juu na jembe kuzibua matope, na watu wote wa bondeni walimfuata. Hata hivyo hakuna aliyewahi kusema maji ni yake. Ulikuwa mwiko: ukiyaita maji yako, chemchemi inakauka. Mtoto aliyeropoka "maji yetu" alipata kofi, na kofi lenyewe halikuwa la utani.

Kisha tukasikia kwamba serikali inataka kujenga nyumba za matofali kando ya barabara kuu, upande wa Nanyala, za makarani na mafundi wa barabara, kila nyumba na bomba lake. Bwana shauri, yule mkubwa wa wilaya, akaja na karani wake kufanya baraza. Karani alieleza vizuri tu: kama maji yana wenyewe, watagawiwa sehemu yao, kama hayana, yatakwenda kwenye nyumba. Sisi wanawake tulikaa nyuma. Mzee akaitwa mbele, karani akamuuliza.

"Mzee, maji haya ni yako?"

Akavua kofia. "Hapana, bwana. Maji ni ya Mungu."

"Basi ni ya ukoo wenu?"

"Si ya ukoo. Sisi tunakinga tu."

"Hakuna anayeyadai?"

Wazee wengine wakatikisa vichwa, wote. Nilitamani kupiga kelele. Mume wangu alisimama, akasema mfereji ule ni jasho la baba yake. Karani akamjibu kwamba hakuna aliyeuliza habari za mfereji. Mzee akamwashiria mwanawe akae.

Tuliporudi nyumbani mzee alitembea mbele yetu ametulia kabisa. Aliamini ameiokoa chemchemi. Nilikuwa na hasira za kuvunja vyungu, lakini nimkasirikie nani? Kwa jinsi alivyolelewa, alikuwa amejibu sawasawa.

Chemchemi haikukauka. Walijenga tangi la saruji barabarani, bomba likateremka mpaka pale, na mfereji wetu ukabaki tope, halafu vumbi. Nilibeba maji kichwani kutoka mtoni, nikamwagia kitalu mpaka shingo ikakakamaa. Miche ikageuka manjano. Mzee alipanda mlimani na jembe lake kama kawaida, safari hii peke yake, akazibua mfereji usio na tone la maji. Askari wa kulinda bomba akamrudisha.

Na zile nyumba? Misingi ilichimbwa, ikaota majani. Mafundi walihamishiwa kwingine, na hakuna aliyetueleza sababu. Tulikwenda bomani kuomba maji yarudi mferejini, maana hayana anayeyatumia. Tukaambiwa haiwezekani, maji hayo sasa yana mwenyewe.

Mume wangu aling'oa miche mwenyewe. Hakutaka nimsaidie. Siku ya kuondoka alipandia lori palepale penye tangi, kwa sababu madereva walisimama hapo kujaza maji ya injini. Mlinzi aliwaruhusu wasafiri kunywa, wenyeji hapana. Basi yeye akaingia akanywa, mimi nikasimama nje ya ua wa tangi nikimtazama. Alijifuta mdomo, akasema atarudi mvua zikianza.

Alirudi mara moja tu, kumzika baba yake. Baada ya hapo ni watu wa Tunduma walioniletea habari kwamba naye amezikwa, huko huko migodini, na kwamba watu walikuwa wengi.